Kauli ya Mstaafu

1

Mbwa alisema hajambo.

Alisema hivyo akiwa amelala ubavu kwenye meza yangu ya chuma, ulimi nje, mguu wa mbele wa kulia umevimba juu ya kifundo mpaka ngozi inang'aa. Sauti ilitoka kwenye kidude cha shingoni, sauti nzito ya mtu mzima, iliyochaguliwa dukani siku alipofungiwa kidude hicho. “Sijambo.” Taa ya kijani ikawaka, ikazima, na kioo cha ukutani kikaandika kwamba kauli imepokelewa, mnyama hana malalamiko, upasuaji haujaruhusiwa.

Pembeni ya maandishi hayo ilikuwepo picha ya eksirei ya mguu uleule. Mfupa ulikuwa umeliwa kwa ndani kama punje ya mahindi iliyoingiliwa na dumuzi. Saratani ya mfupa ina sura yake, na mimi naijua sura hiyo kuliko ninavyotamani.

“Umemsikia mwenyewe, Daktari,” alisema Mzee Yeremia Msengi, mwenye mbwa. Alikuwa amesimama kichwani pa meza, mkono mmoja juu ya sikio la mnyama wake. “Kasema hajambo. Sasa tumbishie?”

“Mzee wangu, itazame hiyo picha.”

“Naiona. Lakini picha haiumwi. Wa kuumwa ni yeye, na kaulizwa, kajibu.”

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Wiki nzima nilikuwa vijijini nachanja mbuzi, nyayo zilikuwa zinawaka moto, na kwenye benchi la nje ya kliniki walikuwa wamejipanga watu na paka wao, kuku wao na manung'uniko yao. Upepo wa Singida ulikuwa unapiga mabati tangu alfajiri, na kila bati lililogonga liligonga ndani ya kichwa changu. Nilichokitaka ni chai ya moto na mtu mwingine wa kuamua. Nilichokuwa nacho ni mtambo unaonikataza kufanya kitu ambacho chuo kizima kilinifundisha kukifanya.

Nami ndiye niliyeishangilia sheria ile ilipoletwa. Nimefanya kazi hii kabla yake, najua ilivyokuwa. Watu walileta mbwa wakatwe masikio ili wapendeze. Waliniletea paka mzima wa afya achomwe sindano ya mwisho kwa sababu wanahamia ghorofani. Na wale wema, wenye huruma, walinitazama machoni wakauliza, “Ungekuwa wewe, Daktari, ungefanyaje?” Swali hilo lilinichosha kuliko upasuaji wowote. Kwa hiyo Sheria ya Kauli ilipopita, kwamba hakuna kisu kikubwa kwa mnyama wa nyumbani bila kauli yake mwenyewe, nilifurahi kabisa. Nilisema sasa atajibu mwenye mwili, mimi nitashona tu.

Kifaa chenyewe jina lake la kiofisi ni kisomahali, lakini mtaani wote wanakiita domo. Hakisomi mawazo, ingawa wauzaji huwaachia wateja waamini hivyo. Kina nyuzi laini zinazopita chini ya ngozi hadi kwenye mishipa ya fahamu ya shingo, kinasikiliza moyo, pumzi, tumbo na misuli, kisha kinatafuta neno la kibinadamu linalokaribiana na hali hiyo. Maneno yenyewe kinajifunza nyumbani. Mwaka wa kwanza hakisemi kitu, kinasikia tu watu wa nyumba ile wanavyozungumza wakiwa na njaa, wakiwa na furaha, wakiwa wamechoka. Ndiyo maana mbwa wa polisi wana amri midomoni na paka wa mama ntilie wanatukana.

Mbwa huyu aliitwa Mstaafu. Yeye na mzee walikuwa wameajiriwa pamoja kwenye mashamba ya umeme wa upepo, mzee akiwa fundi wa yale mapanga yanayozungushwa na upepo, mbwa akiwa mlinzi wa ghala la vipuri. Waliagwa kazini kwa sherehe moja. Mzee alipewa saa ya ukutani, na mbwa akapewa mzee.

“Sheria inaniruhusu kurudia swali mara moja, akishapumzika,” nilimwambia. “Niachie mpaka mchana.”

“Akisema tena hajambo?”

“Mtarudi nyumbani na dawa ya maumivu.”

“Itamtosha?”

Nilimwambia ukweli, kwamba kwa mfupa wa namna ile haitamtosha kwa muda mrefu, na kwamba siku moja atakanyaga vibaya uani na mguu utavunjika wenyewe. Mzee alishusha macho. Nilidhani sasa atasema kitu, hata neno moja la kunisaidia. Alimpapasa mbwa, akavaa kofia, akaenda kukaa na wenzake kwenye benchi, na nilimsikia akijibu salamu za kila mtu mmojammoja.

2

Nikapanga upasuaji ambao sikuwa na ruhusa ya kuufanya.

Nilimwita Kasimu Ghuliku, muuguzi wangu, mtu mzima mwenye mikono mikubwa ambaye huzungumza na wanyama kwa upole na wenye wanyama kwa ukali. Tulimpima Mstaafu uzito. Tulisikiliza moyo, tukachukua damu, tukapiga picha ya kifua pande zote mbili. Mapafu yalikuwa safi, au angalau hayakuwa na kitu cha kuonekana kwa macho, na saratani hii hukimbilia huko. Hiyo ilikuwa habari njema ya kwanza kwa siku ile.

“Tutakatia wapi?” Kasimu aliuliza.

“Kuanzia begani. Mguu wote na bapa la bega.”

“Uvimbe si uko huku chini?”

“Tukimwachia kipande, atakitumia. Atajikwaa nacho, atakitonesha. Bora uondoke wote, ajifunze upya.”

Nikamshika Mstaafu miguu mitatu iliyobaki, mmoja baada ya mwingine, nikaikunja na kuinyoosha. Hapo ndipo watu husahau. Mbwa hubeba sehemu kubwa ya uzito wake mbele, ukimwondolea mguu wa mbele ule mwingine unabeba mzigo wa wawili, na nyonga za mbwa mzee huwa zina mambo yake. Nyonga za Mstaafu zilikuwa ngumu kidogo upande wa kushoto, basi. Miaka ya kukimbiza wezi wa nyaya ilikuwa imemwachia kiwiliwili cha kijana.

Tukapanga mengine. Dawa ya ganzi iwekwe kwenye mishipa ya fahamu ya kwapa kabla ya kisu, ili ubongo usibaki unalia kwa mguu ambao haupo. Mshipa mkubwa wa damu ufungwe mapema. Damu ya akiba tungeitoa kwa mbwa jike wa jirani ambaye hajawahi kukataa, na domo lake kila mara husema “Chukueni” kabla hatujamaliza kuuliza. Kasimu alitandika shuka, akahesabu vitambaa, akavihesabu tena. Nilijua anajiandaa kusema kitu.

“Daktari Zaituni,” alisema mwishowe. “Mchana ukimuuliza, si atasema vilevile?”

“Huenda.”

“Basi mkumbushe.”

Nilimwelewa, nikajifanya sijamwelewa.

“Wenzetu wote wanafanya,” akaendelea. “Swali likitoka tu, unambonyeza pale penye uvimbe. Kidogo. Domo linapiga kelele, mtambo unapokea, ruhusa inatoka. Wanaita kumkumbusha. Hakuna anayeonekana, kamera inaangalia kichwa.”

“Unamuumiza ili aseme anaumia.”

“Namuumiza mara moja aache kuumia kila siku. Wewe unaona dhambi iko wapi hapo?”

Ningeweza kumfokea. Lakini sikuiona dhambi iko wapi, na hilo ndilo lililonitisha. Kama domo lile lilikuwa linasema kweli, kwamba mbwa ana mguu mbovu na bado anaona maisha yake yako sawa, basi nilikuwa nakwenda kumlazimisha mnyama akubali kitu alichokikataa, kwa mateso, kama askari wa zamani anavyotafuta ushahidi. Na kama halikusema kweli, kila saa niliyokuwa nawaza mambo ya heshima na sheria, mfupa ulikuwa unaendelea kuliwa. Nilikunywa chai iliyopoa nikiwa nimesimama. Ilikuwa haina hata sukari, na sikuwa na hamu ya kwenda kuitafuta.

3

Mchana tukamrudisha mezani. Mzee alitaka kubaki nje. Alisema asije akamchanganya.

Utaratibu wa kuchukua kauli ulitungwa na watu wa mbali, wenye haraka, na sisi tuliutafsiri tukaubandika ukutani. Usimsalimie mnyama. Usimwite kwa jina. Uliza swali moja kwa sauti ya kawaida: U hali gani? Jibu likitoka, mtambo husubiri kitambo kifupi, na kukiwa kimya hufunga. Kinachobaki ndiyo kauli.

Kasimu alisimama upande wa kamera. Mimi nikawasha mtambo. Mkono wa kushoto niliuweka juu ya mguu wa Mstaafu, chini ya shuka, mahali penye uvimbe. Palikuwa pa moto. Naandika haya bila kujipamba: nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka huichukua njia iliyo karibu.

“U hali gani?” niliuliza, nikabonyeza.

Mwili wote wa mbwa ukashtuka. Misuli ya shingo ilisimama, pumzi ikakatika, moyo kwenye kioo ukapiga mbio. Hakunigeukia kuniuma. Alinitazama tu kwa lile jicho lake la juu, na taa ya kijani ikawaka.

“Pole na kazi,” alisema.

Nikautoa mkono.

Kasimu alinitazama. Mtambo ulikuwa haujafunga, kwa sababu kidole changu cha mkono wa kulia kilikuwa kimeganda juu ya kitufe, na kitufe kikishikiliwa mtambo husubiri. Nilikuwa nimempa maumivu makali, nalo domo lake likatafuta katika maneno yote ya nyumba ya Mzee Msengi neno la kusema mtu anapoelemewa, likaleta lile. Mzee Msengi humwambia “pole na kazi” muuza maji, mpita njia, mtoto anayetoka shule. Nilikuwa nimemsikia asubuhi. Alikuwa ameniambia na mimi kabla ya kunieleza shida yake.

Na shida yake alinielezaje? Nilimuuliza habari za nyumbani. Alijibu njema, hatujambo wote, tunamshukuru Mungu. Akauliza na za kwangu. Nikajibu njema, nami miguu inaniwaka. Ndipo alipokohoa akasema, ila huyu Mstaafu tangu juzi hashuki ngazi.

Hivyo ndivyo tunavyosema sisi sote. Sijawahi kumsikia mtu wa makamo wa huku akiulizwa hali akajibu moja kwa moja kwamba anaumwa. Hata mwenye msiba huanza na njema. Jibu la kwanza ni adabu, ni kumpokea mtu mlangoni. Habari yenyewe huja baadaye, mkishakaa, na huja na neno lake dogo la kuitangulia. Sisi tuliwafungia wanyama midomo yetu, yenye malezi yetu yote ndani yake, kisha tukaweka mtambo wa kufunga mlango mgeni akiwa bado anasalimia.

Nilijisikia vibaya kiasi cha kutaka kukaa chini. Nikakaa. Nilivuta kigoda kwa mguu, kidole kikiwa bado kwenye kitufe, uso wangu ukawa sawa na uso wake.

“Nimeshapoa,” nikamjibu. “Pole na wewe na safari.”

“Asante.”

“Hujambo, Mstaafu?”

“Sijambo.”

“Habari za nyumbani?”

“Njema.”

“Mzee hajambo?”

“Hajambo.”

“Mnakula?”

“Tunakula.”

Baada ya hapo sikuuliza tena. Nje mtu alicheka, kuku akapiga kelele, bati likagonga. Kasimu aliinua mkono kunionyesha kwamba muda unakwenda, nikamtikisia kichwa. Mbwa alilaza kidevu juu ya meza. Pumzi yake ilirudi taratibu, mapigo kwenye kioo yakashuka, na nilianza kudhani nimejidanganya kwa uchovu.

“Ila mguu,” alisema.

“Mguu umefanyaje?”

“Haulali.”

Nikasubiri.

“Mimi nalala,” alisema. “Wenyewe haulali.”

Kasimu aliweka trei chini polepole, asitoe sauti. Mimi nililia, sitaficha. Nilimlilia yule mbwa, kisha nikamkumbuka paka wa rangi ya majivu wa Mama Nyamwaja fundi cherehani, aliyesema “Salama tu” na tukamrudisha nyumbani akiwa na utumbo uliojikunja, akafia huko. Nikamkumbuka mwingine, na mwingine. Wote walikuwa wamejibu vizuri. Wote walikuwa wamelelewa vizuri.

Lakini swali kubwa lilikuwa bado. Nilifuta uso kwa mkono wa koti.

“Mstaafu, tuuondoe huo mguu?”

Domo lilichukua muda mrefu. Sijui mbwa anaelewa nini katika swali kama hilo, na anayekwambia anajua anakuuzia kitu. Masikio yake yaligeukia mlangoni.

“Mzee yuko wapi?” aliuliza.

“Yuko hapo nje.”

“Mzee ndiye anajua,” alisema Mstaafu, akafumba macho.

Niliachia kitufe. Mtambo ulifikiri, kisha ukaandika kwamba mnyama ameelekeza kauli kwa mtu mwingine, kwa hiyo kauli ya pili haijakamilika, na jibu linalohesabika ni lile la asubuhi. Sijambo. Upasuaji haujaruhusiwa.

4

Mzee Msengi alisikiliza sauti zile zilizorekodiwa na mtambo akiwa amesimama katikati ya chumba. Nilimchezea zote, tangu swali la kwanza. Ilipofika kwenye “pole na kazi” alitabasamu kidogo, kisha akaelewa imetoka wapi, akautazama mkono wangu. Sikuuficha. Ilipofika kwenye “haulali” alitoa kitambaa akajifuta shingo, ingawa chumba kilikuwa cha baridi.

“Kumbe,” alisema.

“Ndiyo, mzee.”

“Na mimi nalala naye chumba kimoja.”

Alizunguka meza mara mbili. Aliinama akautazama mguu, akaipuliza ile ngozi inayong'aa kama mtu anavyompuliza mtoto penye jeraha.

“Sasa, Daktari, mtambo unasemaje?”

“Unasema haturuhusiwi.”

“Basi si ndiyo basi.”

Alisema kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo, na nilimwonea huruma, kwa kuwa niliijua sauti hiyo. Ilikuwa yangu. Nilieleza. Sheria ina mlango mmoja wa nyuma, unaitwa dhamana ya daktari. Daktari anaandika jina lake, mwenye mnyama anatoa neno lake, na kazi inafanyika, wakaguzi watauliza baadaye. Watauliza kwelikweli. Mwenzetu mmoja aliutumia mlango huo, na leo anauza chakula cha kuku.

“Usifanye hivyo, Daktari,” Kasimu alisema kutoka kwenye kona yake. “Mrudishe mezani kesho kama mgonjwa mpya. Mimi nitamkumbusha, wewe hutakuwepo. Ruhusa itatoka safi, mguu utakatwa uleule.”

Alikuwa sahihi kwa upande mmoja. Mguu ungekatwa uleule, na mimi ningelala na leseni yangu. Ila sauti zile zingefutwa, na kesho kutwa angeletwa paka mwingine mwenye adabu, aulizwe u hali gani, ajibu salama, arudishwe nyumbani. Nikizituma sauti zote kama zilivyo, wakubwa wangelazimika kuzisikiliza, na kliniki zote zingefungua tena majibu yao ya zamani. Watu wangepata habari. Mama Nyamwaja angekuja na sura yake ile ya upole, angekaa, angenisalimia vizuri, kisha angeniuliza kuhusu paka wake. Na wakubwa wangeusikia pia ule mshtuko wa mbwa, na wangejua mkono ulikuwa wa nani. Nilichoka kwa kuyawaza tu.

“Zinakwenda zote,” nikamwambia Kasimu. “Na ule mwanzo usiukate.”

Kasimu alinung'unika jambo ambalo sikulisikia, akaenda kunawa mikono. Sikuelewa kwamba amekubali mpaka nilipoona ananawa hadi viwiko.

Mzee alikuwa bado hajasema neno lake.

“Hii sheria mimi niliipenda,” alisema. “Walipoileta nilisema afadhali, hayo maamuzi siyawezi. Kazini nilipanda juu ya mapanga, upepo unavuma, sikuogopa. Lakini kumshika kiumbe na kusema huyu akatwe, huyu asikatwe, siwezi, Daktari. Nikisema ndiyo, halafu asiamke?”

“Inawezekana asiamke. Ni mzee.”

“Na akiamka?”

“Ataishi miezi. Akibahatika mwaka na zaidi. Ugonjwa unaweza kurudi kwenye mapafu. Lakini hayo maumivu ya mguu yatakwisha.”

Alimpapasa mbwa sikio. Halafu akaniuliza lile swali, na nilijua litakuja, na kwa mara ya kwanza sikulichukia.

“Ungekuwa wewe, ungefanyaje?”

“Ningeukata,” nilisema. “Na ningeogopa kama wewe.”

Mzee Msengi aliivua kofia. Aliinama mpaka midomo yake ikawa karibu na sikio la mbwa, lakini alisema kwa sauti ya kusikika, kama mtu anayetaka mashahidi.

“Mstaafu. Huo mguu tunauondoa. Nimesema mimi.”

Taa ya kijani ilikaa muda bila kuwaka. Nilimwona mzee anashikilia ukingo wa meza.

“Haya,” alisema Mstaafu.

Nimesikia ndiyo nyingi katika chumba kile, nyingine za kubonyezwa, na hapana nyingi, na salama tu zisizo na idadi. Sijawahi kusikia neno lililonitua mzigo begani kama lile, halafu likanielemea papo hapo. Niliandika jina langu kwenye kioo. Mzee aliweka kidole gumba pembeni yake. Mtambo ukatuonya, tukakubali, ukatuonya tena, tukakubali tena, mpaka ukachoka na wenyewe ukafungua.

Kasimu alinyoa mguu wa kushoto mahali pa sindano, akaupata mshipa kwa mara ya kwanza. Domo huzimwa kabla ya dawa ya usingizi, maana mnyama akianza kulewa huropoka, na mwenye mnyama husikia mambo yakamtesa bure. Nilinyoosha mkono kulizima. Mzee alinigusa kiwiko.

“Akiamka akauliza mguu wake uko wapi,” alisema, “mwambieni ni mimi niliyesema. Msimwambie ni sheria.”

“Tutamwambia ni sisi wawili,” nikasema.

Alifikiri, akatikisa kichwa kukubali. Nikalizima domo, na Kasimu akasukuma dawa.